Kiwiko kinauma na nyanya zinahitaji kupuliziwa: mazoezi ya kuponya mkono bila kuuharibu zaidi

Leo hatuzungumzii kantangaze, wala ukungu, wala bei ya mbolea. Leo tunazungumzia kiwiko chako.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu kipindi hiki kila nikipita mashambani nakutana na swali lilelile, na mara nyingi linakuja mwishoni, nikiwa nimeshapanda pikipiki: "Bwana shamba, samahani, hivi huu mkono wangu unanisumbua nini?" Kijana ananyoosha mkono, anabonyeza upande wa nje wa kiwiko, anakunja uso. Mtu anaweza kubeba mfuko wa kilo 50 begani bila shida, lakini kumimina chai kutoka kwenye chupa hawezi. Kusalimiana kwa mkono ni mateso. Na shambani ana ekari mbili za nyanya zinazotaka kupuliziwa kila wiki.

Niseme mapema: mimi ni afisa ugani, si daktari. Haya ninayoandika ni mambo ambayo wataalamu wa fiziotherapia hufundisha wagonjwa wao kila siku, mimi nimeyaweka kwenye lugha ya shambani. Kama umepata nafasi ya kuonana na mtaalamu huyo hospitalini, yeye ndiye wa kumsikiliza. Chini nitataja pia dalili ambazo ukiziona usihangaike na mazoezi yoyote, nenda ukapimwe.

Maumivu yako wapi hasa?

Kunja kiwiko chako kidogo, kisha papasa upande wa nje. Kuna kijifupa kimetokeza. Misuli inayoinua kiganja kwenda juu, ile iliyo upande wa juu wa kigasha (yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo), imejishikiza pale kwa kano. Sasa nyoosha mkono mbele, kiganja kitazame chini, kunja ngumi, halafu jaribu kuinua ngumi juu huku mkono mwingine ukiikandamiza chini. Kama maumivu yanachoma kwenye kile kijifupa cha nje, kuna uwezekano mkubwa ni ule ugonjwa unaoitwa kiwiko cha tenisi. Kipimo kingine cha nyumbani: inua kiti kwa kukishika sehemu ya kuegemea, kiganja kikitazama chini, mkono umenyooka. Mwenye tatizo hili atakiachia.

Maumivu yakiwa upande wa ndani wa kiwiko, na yakizidi unapokunja kifundo au kubana kitu, huyo ni ndugu yake, wanamwita kiwiko cha gofu. Matibabu yanafanana, tofauti ni kwamba mazoezi unayafanya kiganja kikitazama juu.

Usishangae majina. Wengi wanaougua kiwiko cha tenisi hawajawahi kushika raketi maishani. Hata daktari Runge wa Ujerumani, anayetajwa kuwa wa kwanza kuuelezea ugonjwa huu, mwaka 1873, alikuwa anazungumzia matatizo ya watu wa kuandika. Jina la tenisi lilikuja baadaye kwa sababu Waingereza matajiri walicheza sana mchezo huo miaka ile. Wangekuwa wanapalilia vitunguu, leo tungekiita kiwiko cha vitunguu.

Jambo moja watu hawalielewi: kwa nini kubana kitu kuume upande wa juu wa mkono, wakati misuli ya kubana iko upande wa chini? Jaribu mwenyewe. Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, halafu bana ngumi kwa nguvu. Umeona? Misuli ya juu nayo imekakamaa. Kazi yake pale ni kuzuia kifundo kisijikunje unapobana. Kwa hiyo kila unaposhika mpini wa jembe, panga, mkasi wa kupogolea au chuchu ya ng'ombe, ile kano ya nje inafanya kazi hata kama huioni.

Hesabu ya mabomba

Tuchukue kazi ya kupulizia, maana ndiyo inayoumiza wengi. Nyanya zikishakua, ekari moja inaweza kula lita 200 za mchanganyiko. Kwa bomba la mgongoni la lita 16, hayo ni mabomba 12 na nusu, sema 13. Kama unapampu mara 20 kwa dakika na bomba moja linakwisha kwa dakika 15, umepampu mara 300. Zidisha kwa 13, ni mara 3,900 kwa ekari moja. Usichukue hesabu yangu, hesabu ya kwako kesho ukiwa shambani, lakini haitakuwa mbali sana na hapo.

Halafu kuna mkono wa pili ambao watu wanausahau. Ule ulioshika fimbo ya kupulizia umebana kile kishikio kwa saa tatu au nne mfululizo, na wakati huohuo unazungusha kifundo kushoto na kulia ili dawa ifike chini ya majani. Nimekutana na vijana wanaoshangaa kwamba kiwiko kinachouma ni cha mkono "usiofanya kazi". Unafanya kazi, tena ngumu.

Ukiongeza kupalilia asubuhi, kuchuma na kupanga kwenye matenga mchana, na jioni kijana anaenda kunyanyua vyuma vya saruji pale kijiweni, hiyo kano hupumzika saa ngapi?

Kano inataka nini

Hapa ndipo penye somo lenyewe, naomba tusiende haraka.

Jeraha la kiwiko cha tenisi si kama jeraha la panga, ambalo ukilifunga na kulitunza linajifunga lenyewe. Nyuzi za kano zimechoka kwa kazi ya kujirudia kuliko uwezo wake wa kujirekebisha. Zinapoteza mpangilio wake, zinakuwa dhaifu, na eneo lenyewe halipati damu nyingi kama msuli, ndiyo maana kupona kwake ni kwa polepole. Wiki mbili tatu hazitoshi. Wengi hupona, habari njema ndiyo hiyo, lakini hesabu yake ni ya miezi, na kwa baadhi inakaribia mwaka.

Vijana ninaokutana nao wanagawanyika makundi mawili, na yote mawili yanakosea.

Kundi la kwanza ni la kukaza. Wanasema mwanaume haogopi maumivu, wanameza diklofenaki asubuhi na kuingia shambani. Dawa inazima kengele, lakini kazi inaendelea kuiumiza kano ileile. Na dawa hizo ukizimeza kila siku bila daktari zina hatari zake kwa tumbo na figo, hasa unapofanya kazi juani huku hujanywa maji ya kutosha.

Kundi la pili ni la kulala. Kijana mmoja wa hukuhuku kwenye nyanya alifunga mkono kwa kitenge wiki tatu, hakugusa hata ndoo. Maumivu yakaisha kabisa. Siku aliyorudi akapulizia ekari moja na nusu kwa mkupuo ili kufidia muda. Kesho yake hakuweza kufunga kifungo cha shati. Hakuwa amepona, alikuwa amepumzika tu, na wakati anapumzika kano na msuli vilizidi kuwa legevu.

Sasa nyie ni wakulima, hili mnalijua kuliko mtu yeyote. Mche wa nyanya uliolelewa kitaluni, kwenye kivuli na maji kila siku, ukiutoa ghafla na kuupandikiza shambani saa saba mchana, utafanyaje? Utalala. Ndiyo maana siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza unaanza kuukomaza: unapunguza maji kidogo kidogo, unaondoa kivuli saa chache, kesho unaongeza. Huuachi kitaluni milele, na huutupi juani siku moja. Kano inataka kitu hichohicho. Inataka mzigo, lakini mzigo uliopimwa, unaoongezeka polepole, na nafasi ya kujijenga katikati. Zoezi kwa mgonjwa wa kiwiko ni huko kukomaza mche.

Niseme kidogo kuhusu sindano, maana najua mnaulizana. Sindano ya steroidi kwenye kiwiko inapunguza maumivu haraka, wiki chache za mwanzo mtu anajisikia mpya. Lakini tafiti zilizowafuatilia wagonjwa zimeonyesha kwamba baada ya mwaka, waliochomwa kwa ujumla walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko ambao hawakuchomwa, na maumivu yaliwarudia zaidi. Kuna mazingira daktari anaweza kuona inafaa, hayo ni yake na yako. Ila usiende kuiomba ili uwahi kupulizia Jumamosi.

Kipimo cha maumivu

Kabla ya zoezi lolote, jifunze kupima. Jipe alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria.

Wakati wa zoezi, maumivu ya 0 hadi 3 yanakubalika. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi wanadhani zoezi sahihi ni lile lisilouma kabisa, wakisikia kidogo tu wanaacha. Hapana. Maumivu madogo yanayovumilika si dalili kwamba unaharibu. Ikifika 4, punguza uzito au idadi. Ikifika 5 au zaidi, simama, mzigo umezidi.

Kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi: kesho asubuhi. Ukiamka, kunja ngumi, inua kikombe cha chai. Kama maumivu yamerudi pale yalipokuwa jana kabla ya zoezi, dozi ilikuwa sawa, unaweza kurudia. Kama yamepanda na bado hayajashuka baada ya saa 24, dozi ilizidi. Usiache mazoezi, rudi hatua moja nyuma kama unavyopunguza kipimo cha mbolea iliyounguza majani.

Andika. Una daftari la shamba la kuandika umepulizia lini na dawa gani, si ndiyo? Ongeza mistari miwili: kazi ya mkono leo, alama ya maumivu kesho asubuhi. Baada ya wiki mbili daftari litakuambia ni kazi gani inayokuumiza, na mara nyingi siyo ile uliyokuwa unaishuku.

Mazoezi yenyewe

Anza na kushikilia bila kusogeza. Kaa kwenye kiti, laza kigasha juu ya paja, kiganja kitazame chini na kipite mbele ya goti. Kiwiko kiwe kimekunjwa. Nyoosha kifundo kiwe sawa na kigasha, kisha tumia mkono mwingine kukandamiza mgongo wa kiganja kwenda chini huku ule mgonjwa ukikataa kushuka. Hakuna kinachosogea. Shikilia sekunde 30, ukizoea fika 45. Pumzika dakika moja. Rudia mara nne au tano. Fanya mara moja kwa siku, kwa wiki ya kwanza hadi ya pili. Baadhi ya watu zoezi hili lenyewe huwapunguzia maumivu palepale, wengine haliwafanyii hivyo, usikate tamaa.

Ukiona unashikilia sekunde 45 mara tano kwa maumivu ya 2 au chini, nenda kwenye chupa. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ikiwa imejaa, hiyo ni nusu kilo. Mkao uleule. Mkono mzima ukusaidie kuinua kiganja juu, kisha uachie, na mkono mgonjwa peke yake uishushe chupa polepole ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kule kushusha polepole ndiko kwenye kazi yenyewe. Mara 10 ni mzunguko mmoja, pumzika dakika mbili, fanya mizunguko mitatu. Siku hii fanya, siku inayofuata pumzika.

Taratibu fika mara 15 kwa kila mzunguko. Ukifika hapo, siku mbili tofauti, na asubuhi yake iko shwari, hamia chupa ya lita moja, ambayo ni kilo moja, lakini urudi mara 10. Baadaye lita moja na nusu. Mkono wenye nguvu za shamba utaona nusu lita ni kichekesho. Acha uone hivyo. Msuli wako uko tayari, kano haiko tayari, na anayeamua hapa ni kano.

Naomba hili mlisikie: usitumie kopo au chupa ya dawa ya shamba kama uzito, hata kama umeiosha mara ngapi. Nimeyaona makopo hayo yakijazwa mchanga na kugeuzwa vyuma vya mazoezi. Unayashika kwa jasho, halafu unajifuta uso. Kopo la dawa likiisha linasuuzwa mara tatu, maji ya kusuuza yanarudi kwenye bomba, linatobolewa na kuhifadhiwa mbali na nyumba kwa utaratibu wa kuliteketeza. Halirudi nyumbani kwa kazi yoyote.

Baada ya wiki nne hivi ongeza zoezi la nyundo. Kiwiko kimekunjwa ubavuni, shika nyundo karibu kabisa na kichwa chake, igeuze polepole mpaka kiganja kitazame juu, kisha kitazame chini. Mara 10, mizunguko mitatu. Ili kuongeza ugumu huhitaji nyundo kubwa, shusha tu mkono kwenye mpini. Kadiri unavyoshika mbali na kichwa ndivyo nyundo inavyokuwa nzito, ni kanuni ileile ya mtaimbo. Zoezi hili ndilo linalofanana zaidi na kuzungusha fimbo ya kupulizia.

Na usisahau bega. Bega likiwa legevu, kiwiko na kifundo vinabeba kazi isiyo yao. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo usawa wa kitovu, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma kama mtu anayepiga kasia, ukirudisha taratibu. Mara 12, mizunguko mitatu. Kama kushika tyubu kunauma, ipitishe kwenye viwiko usishike kabisa.

Kuhusu kunyoosha: kunyoosha kifundo kwa upole sekunde 20 au 30 hakuna shida. Kuvutwa mkono kwa nguvu na mtu anayejiita fundi viungo mpaka ulie, hiyo acha.

Vipi mpira na vyuma?

Swali hili huulizwa sana na vijana wa jimu. Miguu yako haiumwi. Kimbia, cheza mpira (golini usikae kwa sasa), chuchumaa na kuinuka. Tena kuwa na mwili unaochangamka kunasaidia, kukaa bure kunamfanya mtu alisikilize jeraha saa zote.

Vinavyopaswa kusubiri ni kujining'iniza na kujivuta kwenye bomba, na kunyanyua vyuma viganja vikitazama chini. Pushapu, kama kuweka kiganja sakafuni kunauma, fanya ukiegemea ukuta au juu ya ngumi ili kifundo kisijikunje, na kipimo cha maumivu ni kilekile. Chuma ukikibeba, kibebe kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa karibu na mwili.

Kazi ya shamba nayo ni zoezi

Huwezi kufanya mazoezi ya dakika 20 jioni halafu kesho ukabomoa kila kitu kwa saa sita za kazi mbaya. Kanuni ya kubeba ni hiyohiyo niliyosema kwenye chuma: kiganja juu au ubavuni, kiwiko kimekunjwa, mzigo karibu na mwili. Tenga usilivute kwa mkono ulionyooka, lisogelee ulibebe kwa mikono miwili.

Mpini mwembamba unakulazimisha kubana zaidi. Uzungushie mpira wa tyubu mpaka unene uwe wa kukutosha mkononi. Noa. Mkasi butu wa kupogolea na jembe butu ni adui wa kiwiko kuliko idadi ya saa. Bomba lenye nozeli iliyoziba au vali iliyochakaa linakufanya upampu zaidi kwa dawa ileile, kwa hiyo lisafishe na ubadilishe mipira yake kabla msimu haujakolea. Kama kishikio cha bomba lako kina kile kifungio cha kukiacha wazi, kitumie kwenye mistari mirefu ili mkono usibane muda wote. Badilisha mikono.

Kuna wanaojaza bomba nusu wakidhani wanaokoa kiwiko. Unaokoa mgongo, ndiyo, lakini lita moja inahitaji kupampu kulekule. Kinachookoa kiwiko ni kupunguza idadi ya lita unazopulizia wewe mwenyewe kwa siku, au kutumia bomba la betri.

Hapa tuongee kibiashara. Chukua bei ya kibarua wa kupulizia kijijini kwenu, zidisha kwa idadi ya mara utakazopulizia ndani ya wiki sita zijazo. Linganisha na thamani ya nyanya zitakazooza shambani ukishindwa kuchuma mwezi wa mavuno. Wengi wakiifanya hesabu hii kwenye karatasi wanaajiri kibarua siku hiyohiyo. Na huyo kibarua umpe glavu, buti na barakoa, na kazi mgawane, maana naye ana viwiko viwili.

Mkanda wa kiwiko unaouzwa maduka ya dawa unaweza kukupunguzia maumivu ukiwa kazini. Unafungwa upana wa vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko, kwenye nyama ya kigasha, siyo juu ya kile kijifupa. Usikaze mpaka vidole vife ganzi, na uuvue ukipumzika. Unasaidia kazi ya leo tu, kano unaiponya kwa ile chupa.

Usihangaike na mazoezi, nenda hospitali

Ukiona kiwiko kimevimba, chekundu na cha moto, hasa ukiwa na homa. Kama maumivu yameanza baada ya kuanguka au kugongwa. Kama kiwiko hakinyooki au kinakwama. Kama kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi, au nguvu za mkono zinapungua, vitu vinakudondoka bila maumivu. Kama maumivu yanatoka shingoni kushuka mkononi. Kama yanakuamsha usiku hata siku ambazo hukufanya kazi. Na kama umefanya haya yote kwa uaminifu kwa wiki sita hadi nane na daftari halionyeshi mabadiliko yoyote, mwone mtaalamu wa fiziotherapia, nenda na daftari lako.

Kurudi kwenye bomba

Siku unayorudi kupulizia haiamuliwi na kantangaze. Subiri mpaka uweze kushusha chupa ya lita moja na nusu, mkono ukiwa umenyooka, mara 15, mizunguko mitatu, kwa maumivu yasiyozidi 2. Wiki ya kwanza pulizia mabomba matatu tu, yanayobaki mpe mwingine. Baada ya kila bomba weka chini, tembea dakika tano, nyoosha vidole. Asubuhi pima. Kama ni shwari, wiki inayofuata mabomba matano, kisha saba. Kwa mwendo huo, ekari yako moja ya mabomba 13 utaimaliza mwenyewe wiki ya sita.

Siku ya kupulizia usifanye mazoezi ya chupa, ile ni dozi tayari. Lakini siku nyingine mbili za wiki endelea nayo mpaka mavuno yaishe, hata kama maumivu yameondoka. Chupa ikae karibu na kitanda, ikiwa na maji ya kunywa.